Mzee Hatua: Maisha ya Rubani wa Ndege ya Dawa, na Ukweli wa Mruko Wake wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, aliyelala mbele yetu ni mtu tuliyemwita Kaka nyumbani na Mzee Hatua kazini. Familia imenipa mimi, mdogo wake wa kike anayemfuata, kazi ya kusoma maisha yake. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho. Tangu wiki iliyopita kuna maneno yanasemwa kuhusu kifo chake ambayo si kweli, na yeye mwenyewe aliagiza yanyooshwe kabla udongo haujamfunika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1965, asubuhi, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yetu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba alikuwa fundi seremala na mama alikuwa mshonaji, kwa hiyo tulikua katikati ya maranda upande huu na cherehani upande ule, na chakula chetu hakikukosa uzi au vumbi la mbao. Futi kamba ya baba ilikuwa imekatika mwanzoni, namba saba za kwanza hazipo, na baba hakuwa mtu wa kununua kitu kipya wakati cha zamani bado kina nusu. Alimzoesha kaka kupima kwa hatua. Siku moja, kaka akiwa na miaka tisa, alitumwa kupima chumba cha jirani aliyetaka kitanda. Alikwenda amevaa viatu vya baba, vikamfanya apige hatua fupi na hesabu ikazidi. Kitanda kilitoka kirefu kiasi kwamba kiligoma kupita mlangoni, na jirani akauliza kama atafute twiga wa kukilalia. Baba hakumchapa. Alimwambia tu, "Mwanangu, kabla hujaiamini hatua yako, tazama umevaa nini." Tangu siku ile marehemu hakupima kitu bila kwanza kuvua viatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1983. Alifaulu vizuri Hisabati na Fizikia. Insha zilimshinda kabisa, mwalimu wake aliwahi kuandika kwa wino mwekundu, "Umeandika kama mtu anayelipia kila neno." Ndivyo alivyobaki hadi uzee. Hata sala yake ilikuwa fupi. Kila alipoketi ndani ya ndege aliweka kiganja juu ya dashibodi na kusema, "Bwana, nipeleke, nirudishe." Kanisani alikuwa mzee wa viti, na wote tunajua hakuna benchi lililokaa upande wakati wake.

Mwezi Januari 1985 aliajiriwa na kampuni ya kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege. Hakuanza kama rubani. Alianza kama mpakiaji, yaani mtu anayekoroga dawa kwenye mapipa na kuijaza kwa mpira ndani ya tangi la ndege. Alifanya kazi hiyo miaka minne. Mwaka 1989 kampuni ilimpeleka chuo cha urubani, na tarehe 3 Mei 1991 alipata leseni. Kwa wasioijua kazi hii naomba nieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa yaliyompata. Ndege ya dawa ni ndogo, ina kiti kimoja, na tangi lake liko mbele ya rubani. Tangi lina kioo chenye mistari mitano, na mpakiaji hujaza hadi mstari anaoonyeshwa. Injini inakuwa inanguruma, hakuna sauti inayosikika, kwa hiyo rubani huonyesha kwa vidole. Vidole vitatu ni mstari wa tatu, vinne ni wa nne. Mpakiaji anaweza kupinga, anaweza kutikisa kichwa, lakini kidole cha rubani ndicho cha mwisho. Ndege hizi hupaa kutoka viwanja vya udongo vilivyo pembeni ya mashamba, mara arobaini au hamsini kwa siku, zikiwa na mzigo mzito. Hatari kubwa haiko angani. Iko katika zile sekunde za kuondoka ardhini. Ndiyo maana kila ndege ina mpini mwekundu. Rubani akiona ndege haiinuki, anauvuta, dawa yote inamwagika kwa mara moja, ndege inakuwa nyepesi na yeye anabaki hai.

Mwaka 1999, tarehe 6 Aprili, rafiki yake aliyesoma naye urubani alikufa mwishoni mwa kiwanja, tangi lake likiwa limejaa. Marehemu alikuwa wa pili kwenye foleni ya kuruka. Alimwona akikimbia, akikimbia, na hakuvuta mpini. Mjane wa rafiki yake alimuuliza swali moja siku ya mazishi: "Kwa nini hakumwaga?" Kaka aliondoka na swali hilo. Alirudi kazini, akatafuta tairi kuukuu, akalipaka chokaa na kuliweka pembeni ya kiwanja, theluthi mbili ya urefu wake. Tangu hapo kila kiwanja alichofanyia kazi kiliwekwa tairi jeupe. Kanuni yake mnaijua ninyi mliofanya naye kazi, alituchosha nayo hata sisi tusiojua kuendesha baiskeli: magurudumu yakiwa bado chini ulipofika kwenye tairi, mwaga. Usifikiri, mwaga.

Kila alfajiri aliukagua uwanja kwa miguu mitupu, mwanzo hadi mwisho, akihesabu, ili nyayo zimwambie palipolainika na palipo na shimo. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mzee Hatua. Marubani vijana walimtania, "Mzee, unapima kiwanja au umepoteza sindano?" Akawajibu, "Napima kaburi lako, maana wewe hukagui." Walicheka wote. Lakini nao walianza kukagua, ingawa kwa viatu.

Aliyetembea naye kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili ni mpakiaji wake, ambaye kazini anaitwa Kijiko kwa sababu ya kukoroga. Ni mtu mzima mwenye wajukuu. Walikuwa wakigombana kama mke na mume kuhusu chai, kuhusu kofia, kuhusu nani alisahau kufunga pipa. Kuhusu mistari ya tangi sijasikia wakigombana hata siku moja, hadi siku hiyo nitakayoisema.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 18 Desemba 1993 na wifi yangu huyu mliye naye hapa, mwalimu wa shule ya msingi. Walikutana kwa ugomvi. Mwaka 1992 alikuwa akinyunyiza shamba lililopakana na shule, na mwalimu akaja kiwanjani na chaki mkononi.

"Nani anaendesha hilo bati?"

"Mimi, mwalimu."

"Watoto wangu wana mtihani, na wewe unapita juu yao kama mashine ya kusaga iliyoota mbawa!"

"Mtihani unaisha saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi na mimi nitaanza saa sita na dakika tano."

Alifanya hivyo wiki nzima, ingawa upepo wa mchana ulimsumbua. Siku ya mwisho ya mitihani mwalimu alimpelekea maji ya kunywa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Nyumbani alikuwa baba asiye na maneno mengi, lakini kila mtoto alipigiwa alama ya urefu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mwaka hadi mwaka. Mtoto alipotaka kuchuchumia ili aonekane mrefu, alimwambia, "Shuka. Sipimi vidole, napima wewe."

Sasa nafika kwenye ugonjwa na kifo chake. Kwa kweli ugonjwa haukuwepo. Kulikuwa na ajali na siku tatu.

Wiki moja kabla ya ajali, tarehe 12 Februari mwaka huu wa 2024, kiwanja kilikuwa na tope. Kaka alifika kwenye tairi jeupe, magurudumu bado chini, akavuta mpini. Mzigo wote ulimwagika kwenye majani. Alifuata kanuni yake mwenyewe. Aliporudi, msimamizi alimwambia mbele ya watu, "Mzee, dawa hii si maji ya bomba. Ukichoka sema, tukutafutie kiti na kivuli." Rubani mmoja kijana akadakia, "Huyu si Mzee Hatua tena, ni Mzee Mwaga." Wakacheka. Msimamizi yupo hapa leo, na kijana huyo yupo, wote wamelia kuliko baadhi yetu. Hatuwahukumu. Utani ni utani, na kila kazi ina wake. Lakini wifi yangu anasema jioni ile mumewe alimsimulia huku akicheka, na chakula hakukimaliza.

Jumatatu tarehe 19 Februari walikuwa wakinyunyiza shamba la mahindi lililovamiwa na viwavi. Asubuhi na mapema kulikuwa na ubaridi, upepo ulikuwa ukimjia usoni, na ndege ilikuwa na mafuta nusu. Aliruka kwa mstari wa nne bila shida. Saa nne na nusu walijaza mafuta hadi juu. Jua lilikuwa limepanda, na ndege ndani ya hewa ya moto huwa nzito, inahitaji kukimbia zaidi. Kufikia saa tano upepo nao ulikuwa umegeuka, sasa ulikuwa ukimsukuma mgongoni. Mambo hayo matatu kila rubani wa dawa anayajua, na kila moja linasema punguza. Ilibaki sehemu ya shamba ya kumaliziwa kwa miruko miwili midogo, au mmoja mkubwa.

Kijiko alijaza hadi mstari wa tatu, akafunga mpira. Kaka akaonyesha vidole vinne. Kijiko akatikisa kichwa, akaonyesha vitatu, kisha akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha upepo ili aone kilivyogeuka. Kaka akaonyesha vinne tena na kufunga dirisha. Kijiko alisimama pale akiwa ameshika mpira. Marubani wawili na dereva wa gari la mafuta waliona. Halafu akajaza, kwa sababu kidole cha rubani ndicho cha mwisho.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Ndege ilianza kukimbia polepole kuliko kawaida. Mkia uliinuka ukiwa umechelewa. Kijiko alikuwa tayari ameanza kukimbia pembeni yake, mikono imepishanishwa juu ya kichwa, ishara ya kumwaga. Ndege ilifika kwenye tairi jeupe, magurudumu chini. Ikalipita. Kijiko anakimbia, anapiga kelele ambazo anajua hazisikiki. Ndege ikazidi kwenda, hatua hamsini, hatua mia, inaruka kidogo na kurudi chini. Ilipokaribia mwisho ndipo dawa ilipoonekana ikimwagika. Pua iliinuka. Kwa muda wa pumzi moja wote walidhani amepona. Gurudumu la kushoto likagonga ukingo wa mfereji wa maji, ndege ikapinduka na kulala mgongoni ndani ya mahindi.

Wa kwanza kufika alikuwa Kijiko. Petroli ilikuwa ikitiririka kwenye injini iliyokuwa bado na moto, na dawa ilikuwa imelowesha kila kitu. Alimkata mikanda, akamtoa kwa mikono mitupu na kumburuta hadi ng'ambo ya mfereji. Walipofika huko ndege ikashika moto. Alirudi tena, akidhani kiatu alichokiona kimebaki ndani kina mguu wa kaka. Hapo ndipo mikono yake ilipoungua.

Kabla ya jua kutua, kampuni ilikuwa imebandika karatasi ubaoni kwamba mpakiaji alizidisha mzigo na amesimamishwa kazi. Habari hiyo ndiyo iliyotufikia hospitalini, na tukaiamini. Tulikuwa na uchungu, tukataka mtu wa kumbebesha. Wanawe wa kiume marehemu walimtumia Kijiko ujumbe kwamba asikanyage nyumbani, hata kama msiba utatokea.  Kijiko alipoulizwa na kampuni, alisema tu, "Mpira nilishika mimi." Hakutaka kumsema mgonjwa aliyelala kitandani, asiyeweza kujitetea.

Lakini mgonjwa aliweza. Jumanne mchana, katika wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni ya dirisha, kaka alifumbua macho. Mbavu zilikuwa zimevunjika, mapafu yalikuwa yameingiwa na dawa, na kila neno lilimgharimu. Tulikuwa wawili, mimi na mkewe.

"Kijiko yuko wapi?" akauliza.

Wifi yangu akamwambia, "Achana na mtu huyo, baba watoto. Amekuua."

"Hajaniua." Akapumzika. "Nilionyesha vinne. Yeye alisema vitatu. Vinne ni vyangu."

"Usiongee, kaka," nikamwambia.

"Mdogo wangu, andika. Ukisoma habari zangu usinipambe. Niliona tairi. Niliona mikono yake. Nilijua."

"Sasa kwa nini hukumwaga?"

Alifumba macho, tukadhani amelala. Kisha akasema, "Miaka ishirini na mitano nimejiuliza kwa nini yule rafiki yangu hakumwaga. Sasa najua. Unasema bado kidogo. Kila hatua unasema bado kidogo, itainuka. Na nyuma yako kuna watu wanaongoja kucheka."

Jumatano alirudia maneno hayo mbele ya mchungaji, akaungama na kupokea sala. Aliomba Kijiko aitwe. Tuliambiwa naye yuko wodi nyingine, mikono imefungwa bandeji, na siku hiyo hakuruhusiwa kutoka kitandani. Alhamisi tarehe 22 Februari 2024, saa tatu asubuhi, marehemu alikata roho akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Juzi familia iliketi sebuleni kwa marehemu kuamua kama maneno haya yasomwe. Sitaficha kwamba tulivutana. Mwanawe mkubwa aliniambia, "Shangazi, unataka kumzika baba mara mbili? Watu watasema alijiua kwa kiburi." Mdogo wake akaunga mkono, "Baba ameshakwenda. Kijiko ni mzima, atapata kazi nyingine." Nikawauliza nani atampa kazi mtu aliyetangazwa kwamba alimuua rubani wake.  Tuliendelea hivyo hadi chai ikapoa.

Ndipo mama yao aliposema. Hakuinua sauti. "Mimi nilimwambia baba yenu kwamba Kijiko amemuua. Nilimwambia akiwa anakata roho, na akatumia pumzi zake za mwisho kunisahihisha. Pumzi alizohitaji. Ninyi mnataka nirudi kwenye uongo ambao alilipa hivyo kuniondolea?"

Mwanawe mkubwa alilia. Baadaye alichukua karatasi hii, akasahihisha kwa mkono wake mahali nilipokuwa nimeandika "huenda marehemu alikosea", akafuta neno huenda. Kwa hiyo mnachosikia si maneno ya shangazi peke yake. Ni ya familia nzima, na nakala ya karatasi hii, ikiwa na sahihi za mjane, wanawe na mchungaji, imekabidhiwa kwa msimamizi asubuhi ya leo. Tunaiomba kampuni iondoe ile karatasi ubaoni.

Hatukusema haya kumvunjia heshima ndugu yetu. Alikuwa mwangalifu kwa miaka thelathini na mbili na alikosea kwa sekunde kumi. Mungu anayejua hesabu zote anajua na hiyo. Ninyi vijana mtakaopanda ndege kesho, na mtapanda kwa sababu viwavi hawasubiri matanga, heshimuni tairi. Atakayechekwa kwa kumwaga mzigo, mwenzake amnyamazishe anayecheka.

Marehemu ameacha mjane, mwalimu mstaafu, watoto watatu, ambao ni fundi umeme, dereva wa lori na mwanafunzi wa uuguzi, wajukuu wawili, mama yetu mzazi mwenye miaka themanini na minne, wadogo zake watatu, na mpakiaji wake.

Wabebaji wa jeneza ni sita. Watano wamesimama. Wa sita tumemwona tangu saa mbili asubuhi, yuko nje ya lango, upande wa barabarani, kwa sababu aliambiwa asiingie na hakuna aliyemwambia vingine. Wanawe wa kiume marehemu, wote wawili, wanakwenda sasa hivi kumwomba radhi na kumleta. Mikono yake bado ina bandeji na hawezi kushika kitu. Hatashika. Ataweka bega, na mwana mkubwa atamshikia kona yake kwa chini. Hatutanyanyua jeneza mpaka afike.

Bwana ampokee mtumishi wake bila deni la uongo juu yake, na ampe pumziko. Amina.